Tulivyoirudisha Kengele ya Ng'ombe Austria

Tangu nirudi, kila anayeleta gari gerejini kwangu hapa Darsait, Muscat, ananiuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini nilitoka uwanja wa ndege kichwa wazi, mie ambaye hamjapata kuniona bila ya kofia. La pili, huyu konokono wa mti, wa kuchongwa, aliyekaa juu ya meza yangu ana kazi gani. Nimechoka kuhadithia mmoja mmoja huku mafuta yananikaukia mikononi. Basi nimekaa, nimeandika. Someni, halafu mniache nifanye kazi.

Mambo ya viza na tiketi siyagusi. Hayo aliyashughulikia Nassor, na yeye ni mtu wa serikali, karatasi ndiyo starehe yake. Mie skuli niliiacha darasa la tano. Nilianza kwa kuwashikia tochi mafundi waliokuwa wakiziba rejeta, na leo nna gereji tatu, na mabwana wakubwa wa mji huu eisi za magari yao zikiacha kutoa baridi wanamtafuta Saidi. Sijisifu. Nasema ili mjue nani anasimulia.

Qantab

Kwanza mchezo wenyewe. Duniani kuna watu wanaficha vikasha: chini ya mawe, ndani ya mashimo ya miti, nyuma ya kuta. Halafu wanaandika kwenye mtandao namba za mahali penyewe. Wewe unazitia namba hizo kwenye kidude kinachosema na setilaiti, unakifuata mpaka kwenye kikasha. Ukikipata unaandika jina lako, unachukua kitu kimoja kilichomo, unaacha kingine. Basi. Mke wangu Zuwena alipoelezwa aliuliza, "Faida yake nini?" Mpaka leo sijampa jawabu.

Mchezo huu alituletea Nassor, na kidude ni chake. Wa tatu wetu ni Khalfan, muuza vipuri wa Ruwi, mzaliwa wa Bujumbura. Kiswahili chake cha bara sisi tunakicheka, chetu yeye anakicheka, na Kifaransa anacho peke yake. Kila Ijumaa baada ya sala sisi watatu tulikuwa tunakwenda mara Yiti, mara Qantab, huko pwani, kupekua majabali kama watu waliopotelewa na pete.

Ijumaa moja pale Qantab hawa wasomi wawili wanabishana na setilaiti, mie nikatia mkono chini ya jabali nikatoa kikasha. Ndani mkalia kitu: kengele ya shaba, ukubwa wa ngumi, imefungwa kibati chenye namba. Nassor akaitafuta namba ile kwenye mtandao. Kumbe ni kengele ya ng'ombe, ya mwanamke mmoja wa milimani Austria, jina lake Resi. Aliitia kikashani wakati ng'ombe wake bado ndama, itembee dunia mkono kwa mkono. Sasa yule ndama amekua, na mwaka huu ndiye atakayeongoza kundi likishuka mlimani kabla ya baridi. Resi anaomba: aliye nayo airudishe kabla ya siku hiyo, ng'ombe wake aivae.

Jioni ile ile barazani nilisema mbele yenu, "Kengele hii naipeleka mwenyewe, na shingoni naifunga kwa mkono wangu huu." Mkacheka. Mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, akasema, "Saidi, wewe hata Sohar unakwenda kwa manung'uniko." Baada ya maneno yale, nisingekwenda ningekaa wapi tena?

Ubelgiji

Tulifika Brussels mwezi wa tisa, kengele imo mfukoni mwa koti langu. Kila hatua, ngleng. Uwanja wa ndege askari aliniuliza kitu gani hicho. Nikaitoa, nikaitikisa mbele yake, nikamwambia kwa Kiingereza changu, "Cow. No cow. Only this." Akaniangalia, akaangalia kanzu yangu chini ya koti, akanipisha.

Binamu yake Khalfan, Bi Salma, anakaa huko miaka mingi. Tulipanga kulala kwake usiku mmoja, tuchukue gari lake, twende zetu. Hatukujua tunacheza na nani.

"Mnaenda wapi na njaa?"

"Bi Salma, tumekula sasa hivi."

"Mmekula chai. Kaeni."

Ikaja pilau, zikaja ndizi za nazi, akaja samaki mkubwa. Tukilala, tukiamka, Bi Salma keshaweka sufuria. Siku ya tatu Nassor akamwambia kwa heshima kuwa ng'ombe hawatungoji. Akatuachia, lakini siti ya nyuma alijaza vyakula mpaka Khalfan akawa amekaa ubavu.

Kikasha cha kwanza tulikipata msituni nje ya mji, ndani ya gogo. Kilikuwa na kifungo, gari la plastiki na ufunguo usio na kufuli. Nilichukua kifungo, nikaweka mfuko mzima wa ubani wa Dhofar, ule mweupe.

Nassor akaruka. "Saidi! Sheria ni kitu kwa kitu kinacholingana nacho!"

"Mimi nimwachie mtu kifungo? Waseme Muscat kuna njaa?"

"Hakuna atakayesema kitu. Hawakujui."

"Ndiyo nataka wanijue."

Na ndivyo nilivyofanya kila kikasha. Yakumbukeni haya, yatanirudia.

Luxembourg

Nchi hii ni ndogo, ungeweza kuipita huku unamenya chungwa. Sisi tulikaa kutwa, na wenzangu watawaambia ni kosa langu.

Gari la Bi Salma lilikuwa halizimi hita. Tulikuwa tunapikwa. Khalfan akasema tufungue madirisha. Mimi, fundi wa Darsait, nifungue dirisha kama mtu asiyejua? Nikasimamisha gari kwenye kituo cha petroli, nikavua koti, nikaingia chini ya dashibodi na spana zangu, maana spana zangu hazibaki nyumbani. Saa nne nzima nilikuwa nimechuchumaa mle. Watu wakija kutia petroli wanasimama kuniangalia, na mimi nikawa naeleza, ingawa hapana aliyenifahamu.

Hita ikazima. Nikapigiwa makofi na mwanamke mmoja mwenye mbwa. Lakini nilipofunga kila kitu, mkononi mwangu ikabaki bolti moja.

"Hiyo ya wapi?" Nassor akauliza.

"Ya ziada. Wazungu wanatia bolti nyingi."

Khalfan alicheka mpaka akashika mlango, na mlango ule ukamfungukia. Tangu hapo kila gari likilia, wananiambia, "Saidi, bolti yako inakuita." Bolti yenyewe niliiacha kwenye kikasha cha mbele, pamoja na ubani. Goti langu la kulia ndilo lililokumbuka kazi ile zaidi. Nikawa nashuka garini kwa kuchechemea kidogo. Kidogo tu.

Ujerumani

Barabara zao kubwa hazina mwisho wa mwendo. Mie niliendesha, na magari matatu niliyapita. Nassor anasema lilikuwa moja, na limeharibika.

Siku ya pili ya Ujerumani tulifika kambi moja kando ya ziwa, watu wanalala kwenye mahema na kwenye vijumba vya magurudumu wanavyovikokota nyuma ya gari. Kikasha cha huko kilikuwa juu ya kilima, chini ya benchi. Tulipofika tukakuta watu wametutangulia: mzee mrefu Horst, na mkewe Gerda, mama mnene mwenye uso wa furaha. Na wao wanacheza mchezo huu. Kila kikasha wanaacha konokono mdogo wa mti, Horst anawachonga mwenyewe, kwa sababu wao wanatembea polepole na nyumba yao mgongoni. Tukapendana palepale.

Jioni wakatukaribisha. Nassor aliwaeleza kuwa nguruwe hatuli. Gerda akaelewa, akaondoa soseji mezani kwa haraka kama mtu anayeficha maiti, akaleta samaki, viazi na mkate mweusi mzito. Sisi tukatoa halwa na kahawa. Horst aliijaza bilauri nzima ya kahawa yetu, akainywa kama maji, akakaa macho yamemtoka. Nassor akawahadithia kwa Kiingereza habari yote ya kengele na Resi na ng'ombe wake. Gerda alishika moyo.

Kisha Nassor na Khalfan wakaenda mferejini kutawadha, nikabaki mie na wenyeji. Gerda akaichukua kengele mezani, akaitikisa, akaipapasa, akasema, "Beautiful! Beautiful!"

Sasa nyinyi mnajua. Mtu amekukaribisha, umekula chakula chake, anasifia kitu chako. Utasema nini? Wala sikufikiri, ulimi ulijitokea wenyewe kama "alaykum salaam."

"Tfadhali," nikamwambia. "Take. For you."

Na kila mtu aliyelelewa anajua linalofuata. Atasema hapana, walla haiwezekani. Utasema lazima. Atasema hapana. Utaapa. Ataapa. Kisha kila mtu atabaki na kitu chake na mapenzi yamezidi.

Gerda alisema, "Thank you!"

Akaiweka mfukoni.

Nilibaki mkono umenyooka. Akaniambia na maneno mengine marefu ya Kiingereza, kwa upole, huku akinigusa goti la kulia kwa kidole. Nami nikamjibu "Yes, yes," kama ninavyowajibu wateja wa Kizungu wanaponieleza gari lao lina nini.

Wenzangu waliporudi, Nassor akaangalia meza. "Kengele iko wapi?"

"Nimempa."

"Umempa nani?"

"Si aliisifia?"

Khalfan akajishika kichwa. "Kwani we mzee unaumwa? Mwambie akurudishie!"

"Nimrudie mtu kwa kitu nilichokitoa kwa ulimi wangu? Mke wa mtu? Kwenye chakula chake? Bora nirudi Muscat kwa miguu."

Nassor akasema atamwambia yeye asubuhi, kiserikali. Asubuhi tulipoamka, pale pa kijumba chao palikuwa na majani yaliyolala tu.

Kufuata konokono

Hapo safari yetu ilipoteza uchangamfu kwa saa kadhaa. Ng'ombe wanashuka Jumamosi, na hii ni Alkhamisi. Huko mlimani kuna mwanamke anangoja kengele, na barazani Darsait kuna watu wanangoja kunicheka. Na hadithi yote Gerda kaijua, na kengele akaichukua! Hilo ndilo lililoniuma.

"Tukamwambie Resi ukweli," Nassor akasema. "Tumwombe radhi."

"Nifike kwake mikono mitupu? Nimwambie nini, kwamba ng'ombe wako avae salamu zangu?"

Tukaendelea kusini bila ya mpango. Kufika adhuhuri tukasimama kwenye daraja moja la mawe kutafuta kikasha, kwa mazoea tu. Khalfan akakifungua. Juu kabisa alikaa konokono wa mti, mpya, harufu ya mbao bado imo.

"Wamepita hapa!" akapiga kelele. "Leo leo!"

Nassor akatia namba ya kikasha kinachofuata, mie nikatia gia. Nyuma ya kanisa la kijiji: konokono. Ndani ya ukuta wa shamba: konokono. Pale tulipotea, tukaingia uwanja wa mtu na kuku wake wakakimbia, mwenyewe akatoka na uma wa majani. Khalfan akamsemesha Kifaransa, Nassor Kiingereza, mie nikamwonyesha konokono. Yule bwana akatulia, akaonyesha kusini, akachora kwa mikono kijumba kinachokokotwa. Nikampa halwa. Akaionja, akaita mkewe.

"Unaona," nikawaambia wenzangu, "ukarimu."

"Ukarimu ndio uliotuleta kwenye kuku," Nassor akajibu.

Jioni tukavuka mpaka, tukaingia Austria. Konokono bado wako mbele yetu, na kila mmoja anaelekea milimani. Khalfan akasema huenda na wao wanakwenda kwa Resi. Nikamwambia asinipe matumaini, mie ni mtu mzima.

Austria, chini ya mlima

Ijumaa tulisali adhuhuri yetu kwenye nyasi kando ya barabara, ng'ombe watatu wakituangalia kwa adabu. Alasiri tukafika kijiji cha Resi. Juu yake mlima, na huko juu kabisa kibanda kidogo ambapo Resi anakaa na ng'ombe msimu mzima. Na pale mwisho wa barabara, kijumba cha magurudumu. Gerda alikuwa nje anaanika taulo.

"Ah!" akasema, akanikumbatia mbele ya watu. Sikuwa na la kufanya.

Wakatuweka mezani. Nikawakataza wenzangu kuiomba kengele, lakini kudokeza si kuomba. Nikaanza. Nikazungumza habari za ng'ombe. Nikasifia milima, nikasema huko juu lazima pana kimya sana, pangefaa kitu cha kulia. Nassor anatafsiri uso mkavu. Gerda anaitikia kwa kichwa, anaongeza viazi. Khalfan akagonga bilauri kwa kijiko: ngleng, ngleng. Horst akamletea maji.

Nassor akachoka. Akaweka uma chini, akamwuliza Gerda waziwazi kuhusu kengele. Nilitamani ardhi inimeze.

Gerda akashangaa. Akaingia ndani, akatoka nayo, imesuguliwa inang'aa kama dhahabu, akamjibu Nassor kwa kirefu. Nikamwona Nassor anauma midomo.

"Anasema nini?"

"Anasema walikuwa wanatungoja. Kesho alfajiri wanapanda nayo."

"Wanapanda nayo wao?"

"Anasema ulipompa, alifahamu mara moja. Mzee mnene, goti bovu, kibanda kiko juu vile. Alikuuliza, unataka tukupandishie sisi, ukasema 'yes, yes.' Anasema ulifanya busara sana kuomba msaada, wanaume wengi wanaona haya."

Khalfan aliinuka akaenda kuchekea nyuma ya gari. Nilimsikia.

Mie nilisimama. Nilimwambia Nassor amwambie hivi: kwamba Saidi wa Darsait hajaomba kubebewa hata spana. Kwamba kesho kengele inapanda kwa miguu hii.

Gerda akatabasamu, akanikabidhi kengele. Akanipa na fimbo mbili.

Austria, juu ya mlima

Siandiki habari za kupanda. Nilipanda. Horst mwenye miaka sabini na zaidi alikuwa mbele anapiga mluzi, hilo naliandika kwa sababu watawaambia wengine. Mara tatu nilisimama kuangalia mandhari. Mandhari ilikuwa nzuri, na Khalfan aache kusema.

Tulipotokeza juu, ng'ombe walikuwa wamepangwa nje ya kibanda, kila mmoja anafungwa shada la maua kichwani. Resi ni mwanamke wa umri wangu, mikono yake mikubwa kama ya fundi. Nilimwonyesha kengele. Aliichukua, akaitikisa mara moja karibu na sikio, akafumba macho. Kisha akamwita ng'ombe wake, mkubwa, kahawia, macho yake ya upole, na akanirudishia kengele mimi. Akaonyesha shingo.

Nikaifunga. Kwa mkono wangu huu. Nassor anayo picha, anayebisha aje aione.

Resi akanishika mabega, machozi yanamlenga, akaniangalia usoni, akapandisha macho. Akaiona kofia yangu. Nyinyi mnaijua: ile aliyoishona Zuwena mwenyewe tundu kwa tundu, mwaka mzima wa jioni zake. Resi akaigusa kwa kidole.

"Schön," akasema. "Schön!"

Nassor akanikamata mkono. "Saidi, funga mdomo."

Lakini mtu amelia machozi mbele yangu, anasifia kitu changu, nikae kimya kama jiwe? "Tfadhali," nikasema, nikaivua.

Resi akatikisa kichwa: hapana.

Moyo wangu ukafunguka. Huyu kalelewa! Nikamwambia tena, "Tfadhali." Akarudisha mkono wangu kwa nguvu: hapana, hapana. Nikawageukia wenzangu, nikawaambia, "Mnaona? Huyu ni wa kwetu." Na kwa furaha ile, nikiwa salama kabisa, nikatoa ile ya tatu kwa sauti kubwa, mkono kifuani: "Walla, lazima uichukue!"

Akaichukua.

Akaigeuza, akaitazama, akacheka, akamwendea ng'ombe. Akaibandika katikati ya shada la maua, mbele, juu ya paji. Kisha akapiga ukelele na kundi likaanza kushuka. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga njiani, ngoma zinapigwa, na mbele ya wote alitembea ng'ombe wa Resi, kengele ya Qantab inalia shingoni, kofia ya Zuwena kichwani. Nyuma yake mie, kichwa wazi, fimbo mbili mkononi, nawapungia watu. Walipiga makofi. Kwa nani, sikuuliza.

Darsait

Horst alinipa konokono wakati wa kuagana. Hakunikabidhi; alinitilia mfukoni mwa koti, nami sikumjua mpaka ndegeni. Nadhani kashafundishika: angenikabidhi, ningempa koti.

Njiani kote nilikuwa natunga la kumwambia Zuwena. Upepo umeichukua. Imeibiwa. Nilipofika mlangoni yote yalinitoka, nikampa picha tu. Aliishika muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga. Aliangalia ng'ombe, akaniangalia mie, akaangalia tena ng'ombe.

"Imemkaa vizuri kuliko wewe," akasema, akaenda kutafuta uzi.